Wimbo Nao ni Sehemu ya Urithi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wasanii, wasusi wa vyondo na wapiga picha kutoka Makueni na Kitui. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa nieleze kazi ya msaidizi wa sheria wa serikali anayeshughulikia hakimiliki. Mimi si msaidizi wa sheria. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuandika taarifa, kupiga picha mikutanoni na kuwajibu wananchi wanaouliza maji yatafika lini. Mwenye kazi hiyo ni yule mwenzetu aliyeketi karibu na dirisha, mwenye faili nyingi. Alikataa kuhutubia. Aliniambia, "Wewe una mdomo, mimi nina fomu." Basi nitasema niliyoyaona nikiwa karibu naye, na nikikosea atanikohoa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotoka chuoni, kabla sijaajiriwa na kaunti, nilikuwa nikitengeneza video za harusi na matangazo madogo. Mteja mmoja alikuwa anafungua duka la vifaa vya ujenzi. Nikamtengenezea video ya dakika mbili, na chini yake nikaweka wimbo wa benga wa zamani wa Kikamba niliouchukua mtandaoni. Haikunijia akilini kumuuliza mtu yeyote. Wimbo si ulikuwa pale, wazi, kila mtu anausikiliza?

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Sauti ilikuwa ya mzee, taratibu kabisa. "Mwiitu wakwa, hilo gitaa ni langu." Hakunitukana. Aliniuliza tu duka limenilipa shilingi ngapi. Nilipomtajia akanyamaza, kisha akasema kwamba wimbo ule yeye alilipwa mara moja, River Road kule Nairobi, miaka mingi iliyopita, na nauli ya kurudi Mutomo ilitoka katika pesa hizo hizo.

Niliiondoa video siku ile ile na kumtumia mzee kitu kidogo kwa simu. Lakini ukweli ni kwamba sikujua ninalipa nini, wala yeye hakujua anadai nini. Miaka minne ya chuo, na hakuna aliyenieleza tofauti ya mwenye wimbo na mwenye rekodi. Nilipopata kazi serikalini na kukutana na mwenzetu huyu, mzee huyo ndiye mtu wa kwanza niliyempeleka kwake.

Hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Nilidhani atafungua kitabu cha sheria. Alichukua kalamu akaanza kuuliza maswali. Nani alitunga maneno? Nani alitunga muziki? Waliopiga gitaa na ngoma walikuwa nani, na wako hai? Nani alilipa studio? Mlitia sahihi karatasi? Ilikuwa mwaka gani? Mzee alikumbuka vizuri zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu alihesabu miaka kwa ukame na kwa watoto wake waliozaliwa. Swali la karatasi lilichukua muda mrefu. Hakukuwa na karatasi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kuhamisha hakimiliki hakufai kitu mpaka kuwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayehamisha. Kwa hiyo kupokea bahasha ya pesa na kupeana mikono hakukumnyang'anya mzee utunzi wake. Maneno na muziki vilibaki vyake. Lakini msishangilie bado. Rekodi ya sauti ni kazi nyingine mbele ya sheria, na mwenye kuihesabiwa ni yule aliyepanga na kugharamia kurekodi. Huyo hakuwa mzee. Alikuwa mwenye studio.

Mzee hakupenda jibu hilo, na hata mimi sikulipenda. Alikuwa amekuja akiamini kwamba wimbo ni kitu kimoja, kama mbuzi: ama ni wako ama si wako. Mwenzetu alimweleza mara tatu, mara ya tatu kwa Kikamba kitupu, kwamba una wimbo wako lakini huna ile kanda. Mtu akitaka kuuweka katika tangazo anahitaji ruhusa mbili, yako na ya mwenye kanda. Nilipoweka wimbo ule chini ya duka la mabati, nilikuwa nimewakosea watu wawili, na nililipa mmoja.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtandaoni wimbo huo ulikuwa umepandishwa na mtu mwingine, na jina la mzee halikuwapo. Lilikuwapo jina la huyo aliyeupandisha. Sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kukataa kazi yake isipotoshwe, na haki hizi akiwa hai haziuziki kwa mtu hata akitaka. Msaidizi wa sheria akaandaa notisi ya kuondolewa. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 sheria yetu ina utaratibu wake: notisi iwe ya maandishi, iwe na sahihi, ieleze kazi ni ipi na iko wapi, na iambatane na kiapo. Mtoa huduma wa mtandao aliyeko chini ya sheria hii akishapokea notisi halali ana saa 48 za kazi kuzuia maudhui hayo, isipokuwa upande wa pili ulete pingamizi. Kuandika notisi hiyo kulichukua siku nzima, kwa sababu kosa dogo katika maelezo linairudisha mwanzo. Mwishowe jina la mzee lilirudi mahali pake. Pesa za nyuma hajaziona, na sitawadanganya kwamba ataziona kesho.

Niseme pia asichoweza. Msaidizi wa sheria si wakili. Hasimami mahakamani kukutetea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtambua kama mtu aliyefunzwa na kuidhinishwa, naye kazi yake ni kukusikiliza, kupanga ushahidi, kukueleza haki yako na kukufikisha kwa anayehusika. Jambo likiwa la jinai, faili huenda kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambayo ina wakaguzi wake na waendesha mashtaka wake. Lakini nimeona faili zikikwama kwa sababu tu hakuna aliyeandika tarehe. Faili ikitoka kwa huyu bwana, tarehe zipo.

Mkimuuliza kazi gani inamchosha zaidi, hatawaambia ni wezi wa nyimbo. Atawaambia ni mirathi. Mwanamuziki anafariki. Familia inakwenda kwa chifu kuchukua barua, inakwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Inaorodhesha shamba, ng'ombe, pikipiki, akaunti ya ushirika. Nyimbo hazimo. Hakuna aliyezitaja kwa sababu hakuna anayeziona. Miaka kumi inapita, mtu anakuja na mkataba anataka kutumia nyimbo za marehemu, na hakuna hata mmoja katika boma lile mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Ndugu wanagombana, na mwenye mkataba anaondoka.

Hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Chukueni mfano wa Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, ambaye sote tumecheza muziki wake hata tuliozaliwa yeye akiwa ameshaondoka. Alifariki mwaka 1987. Hesabuni miaka 50: utunzi wake unalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2037. Rekodi zina saa yake tofauti, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipofanywa. Kanda ya mwaka 1980 itamaliza ulinzi wake mwishoni mwa 2030, ilhali wimbo ulio ndani yake bado una mwenyewe. Kwa hiyo mjane aliyeko hapa, ambaye mumewe alipiga gitaa na kutunga, asiseme mambo yale yalikwisha na mazishi. Ataje nyimbo katika orodha ya mali, moja moja, kwa majina yake.

Vijana wa studio mtaniuliza kama ni lazima kusajili. Si lazima. Haki inaanza pale kazi inapowekwa katika umbo la kushikika, yaani ikiandikwa au ikirekodiwa, hata kwa simu. Wimbo ulio kichwani tu bado hauna ulinzi huo, basi urekodi kabla hujauimba mbele ya rafiki mwenye simu. Lakini cheti cha usajili cha KECOBO ni ushahidi wa mwanzo kwamba kazi ni yako, na anayekupinga ndiye atakayehangaika kuthibitisha vinginevyo. Na mkiweka nyimbo katika miito ya simu, jueni kwamba sheria sasa inampa mwenye kazi asilimia 52 ya mapato hayo. Msitie sahihi ya mkataba unaosema kidogo zaidi ya hapo kabla hamjauonyesha mtu.

Wapiga picha, na hapa najisemea pia. Picha ninazopiga kazini si zangu. Zimefanywa katika ajira, na hakimiliki inahesabiwa kuwa ya mwajiri. Lakini hata nyinyi mnaojitegemea mjue hili, na najua litawaudhi: ukiagizwa na mtu kupiga picha za harusi na hamkuandikiana chochote, sheria inachukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyekuagiza. Ukitaka picha zibaki zako, andikeni. Mstari mmoja unatosha. Nimeona watu wakigombana Wote na Mwingi kuhusu picha iliyowekwa kwenye bango la saluni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mstari huo.

Wenye hoteli, vilabu na matatu wananilalamikia kila mara kwamba mtu amekuja na risiti akidai ada ya muziki. Ada hiyo ni halali. Kucheza muziki wa mtu mbele ya wateja ni kuutumia. Kwa miaka mingi MCSK imekuwa ya watunzi na wachapishaji, KAMP ya wenye rekodi, na PRISK ya waimbaji na wapigaji. Lakini shirika la kukusanya mirabaha linafanya kazi kwa leseni ya KECOBO, na leseni hizo zimewahi kukataliwa na hata kubishaniwa mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, omba kuona leseni ya mwaka huu na kitambulisho cha aliyekuja. Usimfukuze na usimlipe kwa hofu. Uliza.

Akina mama wa vyondo, nimewaacha mwisho na sikukusudia. Kila nikienda kwenye vikundi vyenu naulizwa ile hadithi ya kiondo kuandikishwa ng'ambo. Siingii katika mabishano hayo leo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakimiliki hailindi ufundi wa kusuka. Inaweza kulinda pambo lako, mchoro uliouvumbua wewe na kuutia kazini, lakini namna ya kusokota mkonge na kuanza kitako cha kiondo ni ya jamii nzima, kama ngoma ya kilumi ilivyo ya jamii nzima. Kwa mambo hayo Bunge lilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, na sheria hiyo inaipa serikali ya kaunti kazi ya kuandikisha na kuhifadhi. Katiba nayo, katika kifungu cha 11, inaitaka Serikali kukuza haki za ubunifu za watu wa Kenya.

Nasema hivi nikijua kwamba kaunti ni sisi. Mkitaka rejesta ijazwe, msingoje afisa aje na gari. Kikundi kije na mama anayejua majina ya mitindo, na aseme mtindo huu unaitwaje, ulijulikana wapi kwanza, nani alimfundisha nani. Maarifa hayo ofisi haina. Na ikumbukwe kwamba mpaka wa kaunti ni mto tu. Mtindo mmoja wa kusuka unaweza kuwa Ikutha na Kibwezi vilevile, basi ofisi zetu mbili hazina budi kuandikiana, kama mlivyofanya nyinyi leo kwa kuja pamoja.

Mwenzetu amekohoa, lakini nadhani ni kwa sababu ya muda. Atakuwa pale mezani mpaka saa kumi. Aliye na mkataba wa zamani aulete hata kama umechanika. Aliye na kanda aje na kasha lake, maana mara nyingi mwaka na jina la mtayarishaji vimeandikwa pale. Waliofiwa waje na nakala ya cheti cha kifo na hati ya mahakama kama wanayo. Kama hawana, atawaambia waanzie kwa chifu gani. Yule mzee wa gitaa ameketi safu ya tatu, na amesema yuko tayari kumwonyesha yeyote jinsi alivyojaza fomu zake.