Shahidi, Kumbukumbu na Kipimo cha Ubongo

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Ngara na Biharamulo)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Tumekuwa tukiulizwa: maadamu wataalamu wanaweza kuupima ubongo, kwa nini mashahidi wasipimwe ili ajulikane aliyeona kweli? Swali hili ni zito kwetu. Wilaya hizi zimepitia miaka ya ujambazi, mabasi yakisindikizwa na polisi wenye silaha, na nyumba zikivamiwa usiku. Katika mashauri ya namna hiyo, uhuru wa mtu huweza kusimama juu ya neno moja tu: "Nilimwona."

Vipimo vyenyewe ni vya namna mbili. Nyaya hubandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo, au mashine ya sumaku hufuatilia mwendo wa damu ubongoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Watu walionyeshwa picha 200 za nyuso, kisha, wakiwa ndani ya mashine, wakaonyeshwa picha hizo zikiwa zimechanganywa na ngeni. Mashine ilibainisha vyema ni lini mtu aliamini kuwa ameshauona uso. Ama kama kweli aliuona au alidhani tu, haikuweza kulipambanua hilo kwa kiwango cha kutegemewa.

Hapo ndipo penye hatari. Shahidi anayekosea kwa nia safi hasemi uongo; ana yakini na jambo ambalo halikuwa. Kipimo kitaithibitisha yakini yake, na asiye na hatia ataangamia kwa kosa lililovishwa joho la elimu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililizingatia jambo hili mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani. Ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondoka. Huulizwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na mwanga gani? Je, alimjua kabla?

Nasi tunajua kuwa aya ya 282 ya Surat al-Baqara imeamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe, kwani mwanadamu husahau.

Kwa hiyo, ndugu zetu, likitokea tukio, mtaje uliyemtambua kwa mtu wa kwanza kufika, na utoe maelezo polisi kabla hamjasimuliana. Usichanganye ulichokiona na ulichokisikia kwa jirani. Na kama giza lilikuzuia, sema bila haya: "Sikumtambua." Kauli hiyo nayo ni ushahidi, na huenda ikamwokoa mtoto wa mwenzio.

Wabillahi tawfiq.