Matembezi ya Watoto na Kimya cha Wazee

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kupewa nafasi hii ili tueleze habari za matembezi ambayo Chama kiliwaandalia watoto wetu wakati wa likizo, wapate kuijua historia ya mahali walipozaliwa.

Watoto walianzia mjini Nyeri, kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti yenye maana kwamba mtu amekwisha kurudi nyumbani. Kisha tukawaeleza kwamba katika mji huo huo Dedan Kimathi, aliyekamatwa upande wa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, alihukumiwa kufa mwezi wa Novemba. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa gerezani pasipo alama yo yote.

Kutoka hapo tulikwenda kwa gari hadi Tetu, tukaendelea kwa miguu. Katika kijiji kimoja watoto waliuliza kwa nini nyumba zimesongamana, ilhali zamani kila mtu alijenga katika shamba lake. Tuliwajibu kwamba mnamo miaka 1954 na 1955 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu zaidi ya milioni moja, ikawatia katika vijiji zaidi ya 800, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Mzee aliyefuatana nasi akaongeza habari za nyumba zilizochomwa moto, na mahandaki yaliyochimbwa na akina mama bila ujira.

Ndipo msichana mdogo akauliza, "Guka, watu wa nyumbani kwenu walikuwa upande gani?" Mzee akanyamaza, kisha akasema twende kabla mvua haijanyesha.

Hatumlaumu hata kidogo. Sote twajua ya kuwa katika nyumba nyingi za huku ndugu mmoja aliingia msituni, na mwingine akawa ngati wa Serikali. Kimya kiliwawezesha wazee kukaa jirani, kuozana watoto, na kusali katika kanisa moja. Lakini aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa amepita miaka 80. Akiondoka na maneno yake, wajukuu watasimuliwa habari hizo na watu wasiokuwapo, na pengine kwa nia ya kuwagombanisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo twaleta ombi mbele ya mkutano huu. Matembezi yafanywe kila likizo, na katika kila kijiji waombwe wazee wawili walio tayari, mmoja wa kila upande, wasimame pamoja mbele ya watoto. Watoto waandike waliyoyasikia, na daftari litunzwe na Katibu. Gharama ni daftari, kalamu, na uji wa watoto.

Hatuwaiti wazee waje kuhukumiana, bali waseme waliyoyaona kwa macho yao. Watoto wetu waweza kuubeba ukweli huo, mradi waupokee kutoka kwa watu wao wenyewe.