Stakabadhi Haizimi Moto

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu kwenye kikao chetu cha Jumapili hapa Kakola. Wapo walioomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)



Mwenyekiti, viongozi wa matawi, akina dada mliofunga vibanda vyenu ili mje hapa, asanteni sana. Nimepewa dakika kumi na tano, sidhani kama nitazimaliza.

Ukisema Bulyanhulu, mtu wa Dar anawaza dhahabu. Anawaza makinikia ya 2017, anawaza asilimia 16 za serikali ndani ya Twiga. Na sisi wenyewe vikao vyetu vingi vinaishia huko, na ni haki yetu. Leo lakini naomba tuzungumzie kitu kilicho juu ya vichwa vyetu kila tunapokaa kula: bomba la moshi la jiko.

Najua kuna anayejiuliza, siasa gani hii ya masizi? Nisubiri kidogo.

Kabla ya kazi ninayofanya sasa nilikuwa mpishi kwenye mgahawa mmoja wa huku kwetu. Biashara ya huku mnaijua: shifti ya usiku inatoka, ya mchana inaingia, wote wanataka supu, chapati, chipsi, nyama choma. Jiko halipoi. Tulikuwa na majiko mawili ya gesi ya kukaangia, na la mkaa la kuchomea nyama. Juu yake fundi alikuwa ametundika bati kama kofia, kisha bomba lenye feni ya kuvuta moshi, linapita ndani ya dari ya mbao mpaka nje juu ya paa.

Nilikaa pale zaidi ya mwaka. Siku zote hizo sikuwahi kuona mtu amepanda kusafisha lile bomba, na mimi mwenyewe sikupanda. Mafuta yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kofia, tone baada ya tone, tukaweka kopo la kukinga. Kopo likijaa tunamwaga, tunalirudisha. Hakuna aliyejiuliza: kama haya ndiyo yanayoanguka, yaliyobaki huko juu ni kiasi gani?

Siku hiyo ilikuwa jioni, watu wametoka kupokea mshahara. Mafuta ya nyama yakaangukia mkaa, moto ukaruka. Hilo ni jambo la kawaida, huwa unarudi chini wenyewe. Siku ile haukurudi. Ulinasa kwenye kofia, feni ikauvuta, tukasikia bomba linanguruma kama lori linapanda mlima. Sisi jikoni tunahangaika na moto wa jikoni, kumbe dari ya upande wa wateja tayari inawaka. Kijana mwenzetu, kwa nia njema kabisa, akachota ndoo ya maji akamwaga kwenye karai la chipsi lililoshika moto. Hili kovu mnaloliona mkononi kwangu ni la hapo. Yeye aliungua kifua na uso, akalala hospitali wiki nyingi. Dada wa kaunta alivunjika mguu akiruka dirishani.

Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini tulikosa kazi sote siku ile ile. Mkataba hatukuwa nao, bima hatukuwa nayo.

Sasa sikilizeni hapa. Ukutani pale kaunta kulikuwa na karatasi kwenye fremu: leseni, ada hii, ushuru ule, ukaguzi huu. Zote zimelipiwa. Wakaguzi niliwaona kwa macho yangu. Walikaa mezani, wakaletewa soda, wakaandika, wakaondoka. Sitaji ofisi. Ninachosema ni kwamba hata mmoja hakuingia jikoni akainua kichwa. Na zile karatasi ziliungua pamoja na ukuta.

Moto ule ulitoka wapi? Kila unapokaanga, mvuke wenye mafuta unapanda. Ukigusa bati lenye ubaridi unaganda. Ukichanganyika na masizi ya mkaa unakuwa kama lami. Yaani unajenga kuni ndani ya dari, siku hadi siku, na feni iko tayari kupuliza. Chipsi hukaangwa kwenye nyuzijoto 180 hivi. Mafuta hayo hayo yakiachwa yapande kuelekea 350 yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Na maji ukiyamwaga humo yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke unaotanuka mara 1,700 hivi, na kuyarusha mafuta yanayowaka usoni kwako.

Msidhani ni shida ya mabati ya Kakola tu. Tarehe 29 Agosti 2007, kule Boston, Marekani, moto ulianza kwenye mfumo wa moshi uliojaa mafuta katika mgahawa mmoja, ukasambaa juu ya dari bila kuonekana. Askari wawili wa zimamoto walikufa ndani. Kama hilo linatokea kwenye mji wenye magari ya zimamoto ya kutosha, sisi tunategemea nini? Mradi wa barabara ya lami kutoka Kahama mpaka Kakola unatajwa kuwa na kilomita 73. Hesabu mwenyewe gari linatumia muda gani, na dari linatumia muda gani.

Wenzetu wameweka utaratibu. Mwongozo wa Marekani uitwao NFPA 96 unasema jiko la mkaa au kuni, mfumo wake wa moshi ukaguliwe kila mwezi. Jiko la kazi nyingi, kila miezi mitatu. La kawaida, kila miezi sita. Mkaa ndio uko juu ya orodha, na mkaa ndio tunaopikia.

Serikali inasema tuhamie nishati safi, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sawa, hatupingi. Ila ukiweka jiko jipya la gesi chini ya bomba lenye mafuta ya miaka mitano, hujasafisha kitu.

Na ndugu zetu mnaoshuka chini ya ardhi hapo mgodini mnajua usalama ukoje. Hushuki bila kufundishwa. Kuna kikosi cha uokoaji, kuna vyumba vya kukimbilia. Ukitoka getini ukaenda kula, unakaa chini ya bomba ambalo hakuna aliyewahi kulichungulia. Kwani uhai wa mtu unashuka thamani akivuka geti?

Hapo ndipo siasa ilipo, makamanda. Tangu 2007 tuna Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, inayoruhusu maofisa kukagua majengo na kudai kasoro zirekebishwe. Mama ntilie analipa, mwenye baa analipa, mwenye gesti analipa. Anayelipa ukaguzi apate ukaguzi. Madai yetu ni matatu. Kwanza, fomu ya ukaguzi wa jiko la biashara ionyeshe tarehe bomba liliposafishwa, na ibandikwe pale mteja anapoiona. Pili, madiwani wa Msalala watueleze hadharani ni fedha kiasi gani za ushuru wa huduma kutoka mgodini zinakwenda kwenye zimamoto ya kata zetu. Tatu, wapishi wafundishwe bure kabla ya mtu kupigwa faini.

Na sisi tusisubiri. Wiki hii kila tawi lichague migahawa mitatu, liongee na wenyewe kwa heshima, tena bila bendera. Vijana mnaojua kazi ya bati mpo hapa. Bomba linafunguliwa jiko likiwa limepoa, linakwanguliwa, linaoshwa kwa maji moto na sabuni. Ni kazi ya asubuhi moja, na ni ajira pia.

Moto ukitokea: zima jiko, funga gesi, zima feni, funika karai kwa mfuniko au blanketi la moto. Usimwage maji. Toa watu kwanza, piga 114.

Yule kijana aliyemwaga maji bado ni rafiki yangu. Kila tukikutana ananiuliza kitu kimoja: kwa nini hakuna aliyetuambia? Mimi sina jibu. Ninyi leo mmeambiwa. Mkitoka hapa mkaenda kula, inueni macho.