SHABIKI, HESABU ZAKO UNAZIWEKA WAPI?

Mada iliyotolewa kwa vijana wa vyuo baada ya futari, Machakos



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ndugu yangu msomaji, na wewe dada yangu usidhani mada hii si yako, leo tuongee habari ya mpira. Naam, mpira. Najua wazee wengine wataguna, waseme Ramadhani yote hii vijana hawana la kuzungumza ila mpira? Wazee wetu watuvumilie kidogo, wasome mpaka mwisho, wataona tunakoelekea.

Hebu nikuulize. Fainali ya CECAFA ya mwaka 2017 iliyochezwa hapa hapa Machakos, uwanja wa Kenyatta, iliishaje? Najua huhitaji kumuuliza mtu. Utanijibu papo hapo: Jumapili tarehe 17 Desemba, Kenya na Zanzibar, mbili kwa mbili mpaka muda wa nyongeza ukaisha, Harambee Stars wakachukua kombe kwa penalti 3 kwa 2, na kipa Patrick Matasi ndiye aliyekuwa shujaa. Tena wengi wetu siku hiyo roho zilikuwa pande mbili, nchi yetu huku na ndugu zetu wa Visiwani kule. Sasa nikikuuliza mhadhara wa juma lililopita ulihusu nini, utaanza kujikuna kichwa. Si ndiyo?

Sikuulizi kwa dharau. Nataka uone kitu. Nyumbani na shuleni tumeambiwa mara nyingi kwamba mpira umetuharibia akili. Mimi nasema akili ipo, tena kali. Mtu anayekumbuka mabao, dakika, kadi na msimamo wa ligi wa miaka mitano hawezi kuitwa mjinga. Swali ni moja tu: akili hiyo unaiweka wapi?

SAA ZAKO NI NGAPI?

Dini yetu haikukataza michezo. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na alihimiza watu kujifunza kulenga mishale na kupanda farasi. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetufundisha kwamba afya na wakati wa faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake. Basi tuupigie hesabu huo wakati.

Ligi ya Uingereza kila timu hucheza mechi 38. Chukua shabiki wa kawaida kabisa wa hosteli, anayetazama mechi nne kila wikendi kwa wikendi 38. Kila mechi dakika 90. Hizo ni saa 228 kwa msimu mmoja, na sijahesabu mapumziko, wala ubishi wa baada ya mechi ambao wakati mwingine huzidi mechi yenyewe. Miaka minne ya chuo, saa 912.

Sisemi uache zote. Punguza moja tu kati ya hizo nne. Utapata saa 57 kwa mwaka, na saa 57 zinatosha kabisa kujifunza misingi ya lugha moja ya kompyuta, kama Python, mpaka ukaweza kuandika programu ndogo inayofanya kazi. Hiyo ni mechi moja tu kwa wikendi, ndugu yangu.

SHABIKI ALIYEPEWA KAZI NA TIMU YAKE

Pengine utasema, bwana wee, mpira na kompyuta wapi na wapi? Sikiliza habari ya Ian Graham. Ni mtu wa Wales, shabiki wa Liverpool tangu utotoni. Alisoma fizikia mpaka akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge. Baadaye akaajiriwa na kampuni ya takwimu iliyokuwa ikiihudumia Tottenham. Hebu fikiria, shabiki wa Liverpool anawapigia hesabu Tottenham! Lakini alivumilia, akajifunza kazi. Mwaka 2012 Liverpool wenyewe wakamchukua awe mkuu wa utafiti, akakaa huko mpaka 2023.

Kazi yake ilikuwa nini? Yeye na wenzake waliandika programu za kuchambua mechi nyingi mno kuliko macho ya mtu yeyote yanavyoweza kutazama, wapate kujua mchezaji gani anaisaidia timu yake kweli, na gani anapigiwa makofi tu. Mmoja kati ya wachezaji waliopendekezwa na hesabu zao ni Mohamed Salah. Wengi walishamuona Salah ameshindwa Chelsea. Hesabu zikasema hakushindwa, alipewa dakika chache. Mwaka 2017 akatoka Roma kwenda Liverpool, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 32 ya ligi, rekodi ya wakati huo kwa msimu wa mechi 38. Tarehe 1 Juni 2019, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani, Liverpool wakachukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Waliyemfunga ni nani? Tottenham.

Angalia alivyopita huyu bwana. Mapenzi yake ya mpira hayakumuondoa darasani, yalimpa sababu ya kusoma zaidi. Na hakungoja apate kazi kwa klabu anayoipenda ndipo aanze.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Sisi tuliopita madrasa tuna jambo la kujivunia hapa. Zamani za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 mpaka 833, aliishi Baghdad mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa jina aljebra tunayoisoma. Na jina lake mwenyewe, likitamkwa na Wazungu kwa namna yao, ndilo lililozaa neno algoriti, yaani hatua zilizopangwa moja baada ya nyingine mpaka jibu lipatikane. Kila programu ya kompyuta ni hatua za namna hiyo.

Sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu hicho inahusu nini? Mirathi na wasia. Yale yale maswali ya ustadhi: marehemu ameacha mke, mama na watoto, nani apate thumuni, nani sudusi, na kinachobaki kigawanywe vipi. Kama uliwahi kukaa mkekani ukagawanya mirathi hatua kwa hatua bila kumdhulumu mtu, basi umeshafanya kazi ya mwandishi wa programu. Umebakisha kuiandika kwa lugha inayofahamika na mashine.

Na msimamo wa ligi nao ni hivyo hivyo. Panga timu kwa pointi. Zikilingana, tazama tofauti ya mabao. Zikilingana tena, tazama mabao ya kufunga. Hatua tatu, umeshazijua tangu utotoni. Anza nazo. Ligi ya hosteli ina timu nane? Kila timu ikicheza na kila nyingine mara moja, ni mechi 28. Andika programu ya kupanga ratiba hiyo, halafu iandike tena ipokee matokeo, halafu itoe msimamo. Itakusumbua, itakataa, utakesha. Siku itakayokubali hutaamini macho yako. Na ukishajua kupanga timu, umejua kupanga foleni ya wagonjwa zahanati, michango ya chama cha akiba na mikopo, au karo za wanafunzi wa madrasa.

MLANGO ULIO WAZI KULIKO YOTE

Sasa tumefika penyewe. Kijana wa Kenya anayejua mpira na akajua kompyuta, mlango mmoja uko wazi mbele yake kuliko mingine. Nao ni kamari.

M-Pesa ilikuja mwaka 2007, ikatuondolea taabu nyingi. Mwaka 2014 SportPesa ikaanza, kampuni nyingine zikajaa, na pesa ya kubeti ikawa inatoka kwenye simu kwa kubonyeza tu. Klabu zetu kubwa, Gor Mahia na AFC Leopards, zikavaa jina la kampuni hiyo kifuani. Mwaka 2019 serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27 na mvutano wa kodi ukapamba moto, udhamini ukakatwa, na klabu hizo zikabaki zinahangaika. Ndipo wengi wakajua mpira wetu ulikuwa umeegemea ukuta gani.

Wewe unayejua hesabu, hebu tazama mkeka wa kubeti kwa jicho la hesabu. Tuseme kando ya timu A wameandika 2.50, sare 4.00, timu B 2.50. Weka shilingi 100 kwa A, 62.50 kwa sare, na 100 kwa B. Umetoa 262.50. Mechi iishe itakavyoisha, utarudishiwa 250. Umeangalia pande zote, hukukosea hata upande mmoja, na bado umepoteza 12.50! Hiyo ndiyo sehemu ya mwenye duka, ameikata kabla filimbi haijapulizwa. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, makato yanazidishana: kwa wachezaji wote kwa jumla, katika kila mia hurudi kama 78 tu. Na ile jakipoti ya mechi 17, kila mechi ikiwa na majibu matatu, ina njia 129,140,163 za kujazwa. Wewe umejaza moja.

Tunazijua pesa zinazoingia humo. Ni mkopo wa HELB, ambao utalipwa hata kama ulipotea siku moja. Ni karo aliyoituma mama baada ya kuuza mbuzi. Hatuhitaji kutaja majina, kila hosteli ina habari zake.

Basi utamsikia ndugu msomi anasema: "Mimi sibeti. Mimi naandika programu tu, wanaobeti ni wao." Neno hilo tulitazame vizuri. Kamari imeharimishwa waziwazi katika Suratul Maidah, aya ya 90, ikatajwa pamoja na ulevi. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 2, tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Halafu kumbuka hadithi ya riba iliyopokewa na Imam Muslim: laana haikuishia kwa anayeila, ilimfikia mpaka mwandishi wake na mashahidi wake. Mwandishi! Yule aliyeshika kalamu tu, ambaye huenda hakuonja hata senti moja ya riba yenyewe. Zama zetu hizi mwenye kalamu ni nani, kama si mwandishi wa programu?

Najua si rahisi. Ni rahisi kuyasema haya tukiwa tumeshiba futari. Mtu amemaliza chuo, amekaa nyumbani mwaka mzima, wadogo zake wanamtazama, na mlango unaomfungukia ni huo peke yake. Simhukumu mtu huyo, namuombea. Lakini wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili bado una nafasi ya kujitengenezea mlango mwingine kabla njaa haijakuchagulia.

MILANGO MINGINE IPO

Ushahidi ni mfano tunaopaswa kuujua. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Wakenya wachache wakaandika kwa siku chache tu programu ya kupokea taarifa za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani. Wakaipa jina la Kiswahili. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Hawakungoja kuajiriwa. Waliona shida ya watu, wakaishika.

Nasi hapa tuna pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Machakos kilichopata hati yake mwaka 2016 kilikuwa chuo cha ufundi kabla ya hapo, kwa hiyo kazi ya mikono si ngeni katika mji huu. Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013, uko barabara ya Mombasa, jirani yetu. Lakini usikae ukaungoja mji ukamilike. Tafuteni watu watatu au wanne, mgawane bando, mkutane maabara ya kompyuta siku moja kwa juma. Chagueni shida moja ya msikiti au ya soko, muimalize. Ukienda kutafuta nafasi ya mafunzo kazini, nenda na kitu kinachofanya kazi, mtu akifungue akione. Cheti kinasema ulisoma. Programu inaonyesha unajua.

Na dada zangu, hapa hakuna anayeuliza nani ana kifua kipana. Mashine haijui nani ameiandikia. Ingieni.

Ndugu msomaji, mwezi huu tumeacha chakula cha halali mchana kutwa kwa ajili ya Mola wetu. Aliyeweza kuacha maji yake mwenyewe, hashindwi kuacha mechi moja, na Insha'Allah hatashindwa kukataa mshahara wa haramu siku utakapomjia. Usiku wa leo, baada ya tarawehe, chukua karatasi. Andika timu nane za hosteli yenu, uanze kupanga zile mechi 28.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.