Tangi Lililolazwa na Hesabu za Muhula wa Pili
Mazungumzo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wazazi wao, Eldoret



Katika vituo vingi vya mafuta hapa Eldoret, tangi la dizeli limezikwa ardhini, nalo lina umbo la pipa lililolazwa ubavu. Ili kujua mafuta yaliyobaki, mhudumu huteremsha ufito wa kupimia na kusoma alama ilipofika. Chukua tangi la lita 10,000, na ufito uonyeshe kwamba mafuta yamefika robo ya kimo. Wengi watajibu mara moja kuwa zimebaki lita 2,500. La hasha. Zimebaki lita 1,955 hivi. Pipa likilazwa, sehemu ya chini huwa nyembamba kuliko katikati, kwa hiyo robo ya kimo si robo ya ujazo. Anayekisia amekosea kwa lita 545.

Jibu hilo sahihi hutokana na integresheni, yaani kujumlisha vipande vidogo vidogo hadi kupata kitu kizima. Ndiyo hesabu inayomngoja mwanafunzi wa diploma ya uhandisi anapoingia muhula wa pili wa kalkulasi. Na hapo ndipo wengi huanza kukata tamaa.

Mwanzo wake si mgeni kwa mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Ikiwa kipenyo cha tangi ni mita 2, robo ya kimo ni nusu mita. Nusu mita hiyo ikatwe matabaka matano ya sentimita 10, upana wa kila tabaka upimwe, kisha itumike kanuni ya trapeziamu iliyofundishwa sekondari. Jibu litakuwa karibu lita 1,900. Matabaka yakiwa kumi, jibu litasogea karibu zaidi na 1,955. Yakiwa mia, pengo litakuwa dogo mno. Integresheni ni kuyafanya matabaka hayo kuwa membamba bila kikomo. Mwanafunzi anayeyaona matabaka hayo akilini hatishwi na alama ndefu iliyochorwa ubaoni.

Kwa nini basi muhula wa pili huangusha watu? Sababu ya kwanza ni kwamba kazi imebadilika. Katika muhula wa kwanza mwanafunzi hujifunza diferensiesheni, yaani kutafuta kasi ya mabadiliko. Huko kila swali lina kanuni yake, na anayeifuata kwa uangalifu hufika. Integresheni haiendi hivyo. Mwanafunzi hupewa swali, naye lazima achague njia: abadilishe kigeu, agawanye kwa sehemu, au atenganishe sehemu changamano kuwa nyepesi. Anaweza kuchagua vibaya, ajaze ukurasa mzima, kisha arudi mwanzo. Huko si kushindwa. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, hata kwa mwalimu wake. Mwenye kudhani kwamba wenzake huona njia papo hapo hujihesabu mjinga bila sababu.

Sababu ya pili ni nyufa za zamani. Swali la tangi huhitaji trigonometria. Maswali mengine huhitaji aljebra ya kidato cha pili. Mara nyingi mwanafunzi anayesema kalkulasi imemshinda ameshindwa na kitu cha miaka mitatu iliyopita, ila aibu humzuia kurudi huko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki mbili za kurudia aljebra mwanzoni mwa muhula ni bei nafuu kuliko kurudia mtihani mwaka unaofuata.

Na gharama hiyo si ya mwanafunzi peke yake. Kuna nyumba hapa Uasin Gishu ambako karo ilitokana na magunia ya mahindi, au na maziwa yanayopelekwa kila asubuhi. Kuna aliyeanzia ngazi ya ufundi stadi, akapanda hadi diploma hatua kwa hatua. Kijana kama huyo akiacha masomo kimyakimya kwa sababu ya somo moja, nyumba nzima imepoteza.

Hata hivyo integresheni ina neema moja ambayo masomo mengi hayana: mwanafunzi anaweza kujisahihisha. Akishapata jibu, alirudishe nyuma kwa diferensiesheni. Likirudi kuwa swali lile lile, amepata. Lisiporudi, kuna kosa la kutafutwa. Hahitaji kumngoja mwalimu wala kuwa na kitabu cha majibu. Anayesoma usiku baada ya kazi, au kijijini wakati wa likizo, ana mwalimu wa kumsahihisha ndani ya daftari lake mwenyewe.

Basi mwenye kutaka kuvuka muhula huu afanye mambo machache. Afanye maswali kila siku, hata kama ni matatu tu, kwa sababu jicho la kuchagua njia hupatikana kwa mazoezi. Kabla ya kuanza kila swali, aandike kwa sentensi moja kwa nini amechagua njia hiyo. Akae na wenzake wawili au watatu, na kila mmoja aeleze kwa mdomo. Na aende kwa mwalimu wiki ya pili, asingoje wiki ya kumi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akisema hesabu ni ngumu, asiambiwe kwamba hesabu si za ukoo huu. Aulizwe ni swali gani limemkwamisha, na amemwendea nani.

Siku moja fundi atasimama juu ya tangi akiwa na ufito mkononi, na mwenye kituo atataka kujua kama mafuta yatafika kesho. Heri fundi huyo awe anajua kwamba robo ya kimo si robo ya mafuta.