Kila Mmoja na Kipande Chake cha Ukuta

Neno kwa viongozi wa vijana waliokusanyika kupanga kazi ya pamoja. Somo: Nehemia 2 hadi 6



Tunawasalimu ninyi viongozi wa vijana mliotoka Uvira na Fizi, Bukavu na Walungu, na ninyi ndugu zetu wa Burundi na Rwanda mliovuka mpaka ili kuketi pamoja nasi. Tunawasalimu pia wababa na wamama mnaotusikiliza nyumbani, na ninyi mtakaosoma neno hili baadaye. Tunajua safari zenu. Wengine mmekuja kwa moto katika vumbi, wengine kwa mashua usiku kucha. Na tunaona viti vilivyo wazi humu ndani. Waliongojewa kuketi hapo, njia imefungwa kwao, au wamekosa karatasi ya kupita. Tusiwasahau, kwani neno la leo ni lao pia.

Mmekuja kupanga kazi. Katika siku hizi tatu mtasali, mtaimba, mtaandika programu ya mwaka. Kabla kalamu haijagusa kaye, tunataka kuweka swali moja mbele yenu: Mkirudi nyumbani, kila mmoja atajua kipande chake ni kipi, na jirani yake ni nani? Ikiwa hapana, mtakuwa mmefanya makutano mazuri, lakini kazi ya pamoja haijaanza.

Tukumbuke kwanza tumetoka wapi. Mwaka 1921 wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi na Norwe walifika upande wa Uvira. Kutoka Kongo kazi ile ikavuka mipaka. Mwaka 1935 ilianza Kiremba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1940 ilianza Gihundwe, ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Na wamisionari hawakutembea peke yao. Walimu na wainjilisti wa hapa kwetu walipanda milima kwa miguu wakihubiri, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kwa hiyo, vijana, mnapoketi pamoja leo hamuanzishi undugu mpya. Mnarudia kisima kimoja ambacho babu zenu walikunywa. Vita vimepita juu ya kisima hicho, uchungu umepita juu yake, maneno mengi mabaya yametupwa ndani yake. Lakini kisima kipo.

Sasa tufungue Neno. Nehemia alikuwa Shushani, katika nyumba ya mfalme, aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na watu wake wako katika aibu. Alilia, akafunga, akaomba ruhusa, akasafiri. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu bila kumwambia mtu yeyote Mungu amemtia nini moyoni. Kiisha akatoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta, akatazama mawe na malango yaliyoungua. Mahali pengine mnyama aliyempanda alikosa hata njia ya kupita. Soma Nehemia 2:11-16.

Mnaona jambo hili? Hakuleta programu iliyoandikwa Shushani. Alitazama kwanza. Kiongozi wa vijana ambaye hajui katika kartie yake kuna watoto wangapi waliopoteza mwaka wa shule kwa sababu ya vita, huyo atapanga nini? Asiyejua ni vijana gani wa korali yake wameacha kuja, na wamekwenda wapi, huyo anapanga kwa ajili ya nani? Kabla ya kupendekeza kitu, kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake. Kikao cha kwanza kiwe cha kutazama mawe.

Halafu tunafika sura ya 3. Wahubiri wengi huiruka, kwa sababu imejaa majina magumu. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kazi ya pamoja inafanyikaje, sura hii ni hazina. Angalieni walio ndani yake. Eliashibu, kuhani mkuu, anaanza na Lango la Kondoo. Mtumishi wa Mungu naye anachafuka mikono. Wapo wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu ambao hawajazoea kubeba mawe. Yupo Shalumu, anajenga pamoja na binti zake. Tusikie vizuri: binti zake wako ukutani, hawakuachiwa kazi ya kupika tu. Yupo Malkiya, mkubwa wa wilaya, anatengeneza Lango la Jaa, mahali pa takataka. Na wapo watu wa Yeriko, wa Gibeoni, wa Mispa. Hao hawakukaa Yerusalemu. Walitoka mbali kujenga ukuta ambao haukulinda nyumba zao wenyewe.

Na sura nzima inarudia jambo moja: baada ya huyu alijenga fulani, na kando yake akajenga mwingine. Hakuna kipande kisicho na mwenyewe, na hakuna mwenyewe asiye na jirani. Wengine walipewa kujenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hii ni hekima, kwani mtu hawezi kulala akiona tundu mbele ya mlango wake.

Kwa hiyo programu yenu isiseme tu kwamba vijana wa eneo letu watawasaidia watoto waliokimbia vita. Iseme vijana wa kanisa lipi, katika kambi au avenyu ipi, watafundisha kusoma siku gani, na nani atawapokea pale. Kazi iliyopewa wote bila majina haina mtu. Siku ya ripoti kila mmoja atamtazama mwenzake.

Lakini katika sura hiyo kuna mstari wa huzuni. Katika Nehemia 3:5 tunasoma kwamba watu wa Tekoa walijenga, ila wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ya Bwana. Fikirini. Maelfu ya miaka yamepita, na habari ya wakuu hao ni hiyo tu: shingo haikuinama. Vijana, ninyi mmevaa badji za viongozi shingoni leo. Shingo ile ile inayovaa badji ndiyo inayotakiwa kuingia chini ya nira. Anayekuja makutanoni kwa ajili ya picha, kwa ajili ya kiti cha mbele, kwa ajili ya franka za safari, huyo tayari yuko Tekoa upande wa wakuu.

Tena kuna faraja. Someni mstari wa 27. Watu wale wale wa Tekoa, ambao wakuu wao waliwaacha, walimaliza kipande chao, halafu wakajenga kipande cha pili! Hatusomi kwamba walikaa kuwalaumu wakuu. Wapo kati yenu ambao huko nyumbani hamna msaada. Wazee hawajaelewa, sanduku ni tupu, mnaitwa watoto. Kumbukeni Watekoa. Waheshimuni wazee wenu, waelezeni kazi kwa upole, na mwendelee kujenga. Na ninyi wazee wetu mnaosikiliza, tunawaomba kwa heshima: vijana wakirudi kwenu na kazi mikononi, msiwaache wajenge peke yao.

Sasa tusikie jambo ambalo kwetu ni la uzima na mauti. Sanbalati, Tobia na Geshemu waliposhindwa kuusimamisha ukuta kwa kicheko na kwa vitisho, walijaribu barua. Mara nne walimwita Nehemia, mara nne alikataa kushuka. Mara ya tano wakatuma barua iliyo wazi, isiyotiwa muhuri. Kwa nini wazi? Ili kila mtu njiani aisome. Ilisema kwamba habari imeenea kati ya mataifa kuwa Wayahudi wanataka kuasi, na kwamba Geshemu naye anasema hivyo. Soma Nehemia 6:5-7.

Wapendwa, barua hiyo bado inatembea. Leo inatembea katika simu. Inasema watu wa kabila fulani wanajipanga usiku. Inaonyesha picha ya maiti iliyopigwa katika vita vya nchi nyingine, miaka mingi iliyopita, na kusema ni ya jana, ni ya hapa. Haina mwenyewe, haina muhuri, lakini inafika kila nyumba. Kijana wa miaka 17 anayeitwa kwenda porini havutwi na pesa tu. Wengi huvutwa na habari kwamba jirani anakuja kuwaua, basi bora waanze wao. Bunduki inakuja nyuma. Barua ya wazi imetangulia.

Nehemia alifanya mambo mawili. Alijibu waziwazi kwamba mambo hayo hayapo, yamebuniwa. Na akamwomba Mungu aitie mikono yake nguvu. Hakukaa kimya, wala hakurudisha uongo kwa uongo.

Hapa, vijana, ndipo ninyi mna kitu ambacho wengi hawana. Kiongozi wa Uvira, kando yako ameketi ndugu wa Bujumbura. Kiongozi wa Bukavu, kando yako ameketi dada wa Kamembe. Mwenye kusema Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge, Mashi, Kirundi, Kinyarwanda, wote mko chumba kimoja, mkisikilizana kwa Kiswahili. Wekeni agano kabla ya kuondoka: hakuna kiongozi kati yenu atakayetuma mbele habari juu ya watu wengine kabla ya kumpigia simu mwenzake anayekaa kule na kumuuliza. Simu moja tu. Ikiwa ni uongo, semeni wote wawili, kila mmoja katika kanisa lake, kwamba ni uongo. Ikiwa ni kweli, lieni pamoja, na msaidiane. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji namba ya simu na moyo wa ndugu.

Hili linatupeleka kwenye baragumu. Katika Nehemia 4:19-20, Nehemia aliwaambia watu kwamba kazi ni kubwa na pana, nao wametawanyika juu ya ukuta, kila mmoja mbali na mwenzake. Akawapa alama: mahali watakaposikia baragumu, wakimbilie pale, na Mungu atawapigania. Wapendwa, hiyo ni picha ya makanisa yetu. Milima inatutenga, ziwa linatutenga, mipaka na vita vinatutenga. Hatuwezi kuwa pamoja kila siku. Lakini tunaweza kupatana juu ya baragumu. Vijana wa upande mmoja wakipigwa na mafuriko, na ugonjwa, na kukimbia vita, nani anapiga baragumu? Nani anaisikia kwanza? Ndani ya siku ngapi wengine wanafika, au wanatuma kitu, au wanaanza maombi? Andikeni hayo kabla ya shida kuja. Na vile viti vilivyo wazi humu viwe jaribu lenu la kwanza. Kila kiti kipate mtu atakayempigia simu mwenye kiti hicho jioni ya leo, amwambie yaliyosemwa na kumuuliza yeye atashika kipande gani.

Neno moja juu ya pesa, kwani mahali pengi kazi nzuri imefia hapo. Katika sura ya 5 ukuta haukusumbuliwa na adui wa nje. Maskini walilia dhidi ya ndugu zao waliowakopesha na kuwanyang'anya mashamba. Nehemia alikasirika, akawakusanya wakubwa, wakarudisha. Naye mwenyewe kwa miaka 12 hakula chakula cha haki ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Basi mchango wenu, hata ukiwa mdogo, uwe na mtu wa kushika pesa, mtu mwingine wa kushika kaye, na wakati ambapo kila mwanachama anaweza kufungua kaye hiyo na kusoma. Kijana anayeuza mkate wa kuzunguka ili atoe mchango wake, machozi yake Mungu anayaona.

Ukuta ulikuwa umebomoka zaidi ya miaka 100. Ulimalizika kwa siku 52. Nehemia 6:15-16 inatuambia kwamba hata adui walitambua kuwa kazi ile imetendeka kwa msaada wa Mungu. Hapa kwetu pia tumeona namna kazi ya mikono mingi inavyosimama. Hospitali ya Panzi ilianza Bukavu mwaka 1999, katika wakati wa vita, chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na maelfu ya wamama wamepona humo. Haikungoja amani ije kwanza.

Basi viongozi, tunawaachia maswali matatu, na tunawaomba kila mmoja ayajibu kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Kipande changu ni kipi? Aliye kando yangu ni nani? Baragumu ikilia, nitafanya nini? Ikiwa mtarudi na majibu hayo, hata programu nyingine yote ikipotea njiani, mtakuwa mmerudi na kazi.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa vijana hawa uliowapitisha katika njia ngumu. Wakumbuke walioshindwa kufika. Inamisha shingo zetu chini ya kazi yako. Funga midomo ya uongo kati ya watu wetu, na utufanye wepesi wa kuulizana na wepesi wa kusameheana. Tutie nguvu mikono yetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki.