Nyangumi Anyonyeshapo

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hufika visiwa vya Vava'u, nchini Tonga, kutoka bahari ya Antaktika. Huja kupandana na kuzaa. Watalii nao huja na miwani yao ya kuogelea. Sheria ya Tonga huruhusu waogeleaji wanne tu kwa zamu, pamoja na mwongozaji. Ni hatua nzuri, lakini zamu zenyewe zikifuatana kutwa nzima, mama atapumzika saa ngapi?

Kumbuka, mzazi huyu hali karibu chochote kwa miezi. Anaishi kwa mafuta aliyojaza mwilini, na hayo hayo ndiyo maziwa ya ndama aliyezaliwa na urefu wa mita nne hivi. Kila anaposhtuka na kuhama, kunyonya kunakatizwa na akiba inapungua. Biashara hii ya utalii inalisha watu, sikatai; afadhali hiyo kuliko uwindaji ambao Tonga iliupiga marufuku mwaka 1978.

Miezi hiyo hiyo nyangumi wa aina hii hupita pia pwani yetu, Watamu hadi Zanzibar. Nahodha, ukimwona mama na ndama, punguza mwendo, kaa mbali, na abiria wako wasiingie majini.